Kitambaa cha Kompyuta

Mwanangu Nyemo,

Salamu tulishapeana asubuhi na chai tumekunywa pamoja, kwa hiyo hapa sianzi na hali yangu wala hali ya hewa. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, baba yako yuko Makutupora kwenye zabibu, na mimi nimekaa chumba cha mbele, nimefunga dirisha la wateja wa kuchapisha kabla ya wakati. Jua bado liko juu. Naandika kwa kompyuta, tena peke yangu, na leo nina furaha ambayo nisipoimwaga mahali itanipasua.

Sikuandikii mambo ya kula na kulala. Njaa ikikukamata huko Dar utatafuta chakula bila barua yangu. Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyomwambia baba yako juzi pale uani, mkiosha vyombo. Ulidhani nimelala. Nilikuwa jikoni natafuta kiberiti. Ulisema, "Baba, nafikiri niahirishe chuo mwaka mmoja. Mama hawezi hii kazi peke yake. Leo tu nimemkuta kaifunika tena kompyuta." Baba yako akaendelea kusuuza sufuria. Na mimi nikarudi kitandani, kiberiti mkononi.

Begi lako mpaka sasa liko nusu, zipu wazi. Basi linaondoka kesho alfajiri, tiketi baba yako ameshakata, na mimi mama yako sijui kama utalipanda. Ndiyo maana naandika haraka hivi, na makosa ya kuchapa utanisamehe.

Kuhusu kompyuta kufunikwa, sikatai. Ilikuwa inawaka na mimi nikaitupia kitambaa. Lakini ngoja nikueleze nilikotoka, maana wewe hukunijua mimi wa taipureta.

Mimi wa taipureta nilikuwa mtu, Nyemo! Nilikuwa nachapa barua ya mkurugenzi huku nazungumza na mtu mlangoni, macho yangu kwake, vidole kwenye kazi, na kosa hulioni. Siku moja ikaletwa kompyuta pale ofisini. Wakaitafutia chumba chake, chenye feni na zulia, na mlangoni wakabandika karatasi: Vua Viatu. Nikavua. Nikasimama na soksi zangu, nikaitazama, ikanitazama. Nikatoka, nikamwambia mwenzangu kile ni kitu cha wataalamu, tuwaachie wenyewe. Wasichana wadogo waliojiandikisha mafunzo niliwacheka. Punguzo la wafanyakazi lilipokuja, majina yakasomwa, na langu lilikuwemo. Wale niliowacheka walibaki.

Ilikuwa miaka ambayo kila mtu anafungua kitu. Huyu kioski, yule mashine ya kusaga, jirani yetu hapa Area D akafungua saluni kwenye banda la kuku, na kuku wakahamia sebuleni kwake. Baba yako akauza zabibu za msimu mzima, akaenda Dar, akarudi na kompyuta ya mtumba imeviringishwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Akaiweka mezani. Unajua nilifanya nini? Nilivua viatu! Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwenye sakafu ya saruji! Baba yako alicheka mpaka akakaa chini.

Kilichonitisha, mwanangu, ni ukubwa wa mambo. Ukifungua ile programu ya kuandikia, juu kuna vitufe vingi, kila kitufe kina vingine chini yake, na mimi nilitaka kuandika barua tu. Nilijiona kama mtu aliyeomba maji ya kunywa akaonyeshwa bwawa. Niliigusa kwa woga mwaka mzima.

Halafu wewe ukamaliza kidato cha sita. Ukawa unashinda kwenye ile intaneti kafe ya mjini, unarudi jioni na diski ya flopi kwenye mfuko wa sketi, macho yanawaka. "Mama, nimepata kitu." Kila siku nimepata kitu. Na kitu chenyewe ni kiprogramu kidogo, kimeingia kwenye flopi moja na nafasi imebaki. Kama hakikutosha, ulikuwa na kingine cha kukikata vipande ukigawe kwenye flopi mbili tatu, halafu kukiunga tena hapa nyumbani. Looo! Siku ya kwanza kuona hilo nilimwita jirani aje atazame.

Hivyo vitu vidogo ndivyo vilivyonitoa woga, Nyemo. Sijawahi kukwambia. Kila kimoja kinajua kazi moja. Hakikuulizi mengi. Kile kinachokumbuka kila ulichonakili, siyo cha mwisho tu. Kile kinachorudisha faili ulilolifuta kwa hasira. Nikaona kumbe hata mimi naweza kujua kitu kimoja leo, na kingine wiki ijayo, na hakuna anayeniambia nivue viatu.

Kimelia. Hicho kidirisha chako kimetokea tena katikati ya kioo: "Mama, sevu kazi!" na kengele yake juu. Haya, nimesevu. Tangu ulipokiweka hakinipi raha. Wateja wanakisoma kwa sauti, wanacheka.

Na kile cha kurefusha maneno, unakumbuka? Unaandika herufi mbili tatu, chenyewe kinamalizia sentensi nzima. Nikaandika "mhs", ikatoka "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuwasilisha." Bunge lilipokaa, vijana wa ofisi za pale walinimiminikia na kazi za haraka, na mimi napiga mhs, mhs, kazi inakwenda. Nikalewa sifa. Nikasema na barua za kanisani nazo niziwekee salamu yake. Nikachagua "bw", iwe "Bwana Yesu asifiwe". Ikatoka vizuri kwenye barua ya mchungaji, nikashangilia. Kesho yake akaja Bwana Ramadhani, yule wa msikiti wa pale kona, na barua yake ya kuomba kiwanja. Nikachapa mbio mbio, nikatoa kwenye printa, nikampa. Akasoma. Akasoma tena. Akaniambia taratibu, "Mama Nyemo, hapa mwisho, sahihi yangu inasema Bwana Yesu asifiwe Ramadhani."

Nilitaka ardhi ipasuke. Yeye akaegemea ukuta akacheka machozi, akaomba aondoke na nakala ile akawaonyeshe wenzake. Mpaka leo akipita hapo nje ananisalimia kwa hiyo. Basi nilichojifunza ni kwamba kitu kikikurahisishia kazi, soma kazi yako mara ya pili, maana mkono unakimbia kuliko macho. Na nimejifunza pia kwamba watu wengi ni wazuri kuliko tunavyowaogopa. Huko uendako utakosea mbele za watu. Usikimbie chumba. Baki hapo, cheka nao, kisha rekebisha.

Kosa lingine ni la tamaa. Wewe ulikuwa umekwenda kwa shangazi yako Bahi, mimi nikaenda kafe mwenyewe, kwa mara ya kwanza, nikamwambia kijana wa pale anijazie flopi zote. Nikarudi nikaweka kila kitu. Samaki wanaoogelea kwenye kioo. Saa yenye jogoo. Mbwa anayefukuza mausi. Kimoja cha kuharakisha kompyuta, na kingine cha kuharakisha hicho cha kuharakisha. Uliporudi ukaiwasha ukaenda kuoga, ukarudi bado haijamaliza kuwaka. "Mama, umefanya nini?" Nikasema, "Nimeipamba." Ulikaa jioni nzima unaondoa. Hukunifokea. Ulisema tu, "Kila kimoja kinakula kidogo, mama, na mezani wako wengi." Neno hilo nimelikumbuka mara nyingi kwa mambo yasiyohusu kompyuta. Mjini utakuta mambo mazuri mengi ya bure, vikundi, sherehe, marafiki wa kila namna. Chukua, lakini tazama kama ukiamka asubuhi bado unawaka upesi.

Sasa tuje kwenye kitambaa.

Nyumba gani ya Dodoma ina redio isiyo na kitambaa? Taja moja! Televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa, kochi lina vitambaa mgongoni na mikononi. Upepo wetu huu na vumbi lake jekundu unaujua, na kitu cha thamani kukiacha uchi ni aibu kwa mwenye nyumba. Mimi nilipopata kompyuta nilifuma chake kwa mkono, uzi mweupe na maua ya zambarau kwa ajili ya zabibu zilizoinunua. Kikaning'inia mbele na nyuma, kizuri mno. Na nyuma ndiko kwenye feni.

Ikawa kila mchana inazimika. Fundi mmoja akasema virusi. Mwingine akasema umeme wa mtaa huu. Mimi nikaiombea. Ndipo ukaja na kile kiprogramu cha joto, kinachoweka kinamba kidogo pembeni ya kioo. Ukaniita, tukakaa kwenye stuli moja kama watoto, tunatazama kinamba. Kikapanda. Kikapanda. Ukanyoosha mkono ukaondoa kitambaa, tukangoja, kikaanza kushuka. Ukakirudisha, kikapanda. Nilipiga kelele, "Weee! Kumbe ni mimi!" Tulicheka, tukakimbia kumwita baba yako, tukamfanyia tena kama mazingaombwe. Naitaja siku hiyo kuwa katika siku nzuri za maisha yangu, haki ya Mungu. Kosa langu la mwaka mzima lilionekana kwa macho, kwa namba, na hakuna aliyenidharau.

Lakini mkono una mazoea. Nikiinuka tu kwenye kiti, unaivalisha. Uliyoyaona ni kweli. Ila hukuona nilichofanya baada ya kukusikia pale uani.

Nimeshona kifuniko kingine, kizito, cha turubai laini, cha kuzuia vumbi wakati imezimwa. Na nimekifunga kwa kamba fupi kwenye plagi ya waya wa kompyuta. Kamba nimeipima: kama plagi iko ukutani, kifuniko hakifiki kwenye kompyuta. Hakifiki, Nyemo! Mpaka niichomoe. Jana mkono wangu umekivuta mara kadhaa, kikagoma njiani, nikabaki nacheka peke yangu. Nami nimeandika programu yangu ndogo, kwa sindano na uzi. Inajua kazi moja.

Na leo sasa. Leo! Ulipokuwa sokoni alikuja Mzee Chilewa, yule mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa zabibu kule Makutupora. Amepanda lori la mchanga, suti yote nyekundu kwa vumbi.

"Mbukwa, mama Nyemo."

"Mbukwa, mzee. Karibu."

"Binti yupo?"

"Hayupo. Nipo mimi."

Akatazama kushoto na kulia. "Basi nitamsubiri."

Yaliniuma, mwanangu, sikufichi. Maana yalikuwa maneno yako yaleyale, yamevaa suti. Nikamwambia, "Mzee, lete hiyo flopi."

Alikuwa ameitia kwenye mfuko wa koti pamoja na ugoro. Ndani yake kulikuwa na andiko la kikundi, la kuomba mashine ya kukamua juisi, ili zabibu zisiwaozee kila wachuuzi wakichelewa. Mgeni wa wafadhili wa kulipokea anaondoka mchana huohuo, na nakala nyingine hawana. Nikaitia flopi. Ikakwaruza kama kuku anayetembea juu ya bati. Kikatokea kidirisha: diski hii haijaandaliwa, je, uiandae sasa? Ndiyo au Hapana.

Mwaka jana ningebonyeza Ndiyo. Mimi nimelelewa kwa adabu, nikiulizwa swali naitikia. Na Ndiyo ile ingefuta kila kitu, wewe ndiye uliyeniambia. Mkono wangu ukaenda kwenye Ndiyo kwa mazoea, nikauita urudi. Nikabonyeza Hapana. Mwanangu, ukiulizwa jambo kwa haraka na kwa upole huko mjini, anza na hiyo. Ndiyo haikimbii.

Nikafungua kile kiprogramu chako cha subira, kinachosoma flopi mbovu kipande kwa kipande, pakigoma kinarudi tena na tena bila kununa. Mstari ukaanza kusogea. Mzee Chilewa amevua kofia. Mimi natazama kinamba cha joto, natazama mstari, jasho linanitoka. Ukasimama. Tukasimama nao. Ukasogea.

Kengele ikalia: "Mama, sevu kazi!"

Mzee akaruka. "Nani huyo?"

"Binti."

"Si umesema hayupo?"

Jamani, nilicheka mpaka nikashika meza! Na mstari ukafika mwisho tukiwa tunacheka. Nikafungua faili: lipo! Herufi zake, vichwa vyake vya habari, lote, isipokuwa nusu ukurasa katikati imegeuka madudu. Nikamwambia, "Mzee, hapa mlisema nini?" Akasimama wima kama yuko mkutanoni, akafumba macho, akanena yote kwa sauti, na mimi nachapa, mhs, vidole kumi, macho kwake. Mimi wa taipureta amerudi, Nyemo, na safari hii ana viatu miguuni!

Printa ikatoa. Nikasoma mara ya pili. Nikamwekea nakala kwenye flopi mpya na nyingine nikabaki nayo. Akaondoka mbio kulifuata lori, mlangoni akageuka akasema, "Nisalimie binti yako. Mwambie kazi yake nimeiona."

Kazi yake! Thubutu! Nilibaki mlangoni na mikono kiunoni. Halafu hasira ikayeyuka yenyewe, maana nilifikiri, ni kweli, ni kazi yako. Wewe ndiye uliyekuwa unarudi na flopi mfukoni. Kama ungesema mama hawezi, usingeniletea hata moja. Uliniletea kwa sababu uliamini naweza. Basi na juzi uani hukuwa unasema habari zangu. Ulikuwa unaogopa, mwanangu. Umeuona mlango uliobandikwa Vua Viatu, na unataka kuwaachia wenyewe. Namjua mtu huyo. Nimeishi naye miaka mingi. Nakuomba usimsikilize.

Usiniahirishie chuo kwa ajili yangu. Hilo sitaki, nasema wazi. Ukibaki nitakaa chumba hiki kila siku najua kwamba nilipunguzwa mimi ofisini, na wewe nikakupunguza mimi.

Kitambaa nimekifua, nimekipiga pasi, kimo ndani ya begi lako juu ya kitenge. Hapa hakina kazi tena, kompyuta ina kifuniko chenye akili. Kitandike kwenye meza yako huko bwenini. Wenzako wakiuliza, waambie ni cha Dodoma. Ukikitupia juu ya kompyuta ya watu, nitajua.

Na flopi zako zote nimenakili. Zako unazo kwenye kile kikopo cha biskuti, nimekitia pembeni mchele kidogo uliofungwa kwenye kipande cha nguo, zisishike unyevu wa pwani. Baba yako amesema ni ushamba. Muache.

Kitu kimoja kimebaki. Hiki kidirisha cha kengele. Jumatatu nilijua namna ya kukizima. Unabonyeza pembeni, unachagua Ondoa, basi. Nimejifunza mwenyewe. Na sikihitaji, kazi nasevu bila kuambiwa, unajua hivyo. Leo Mzee Chilewa alipoondoka nilikifungua, nikaweka mausi juu ya neno lile, nikakaa hapo. Sikuweza. Maana kesho nyumba hii itakuwa kimya, na hicho ndicho kitakachokuwa kinaniita Mama.

Kimelia sasa hivi.

Nimesevu, mwanangu. Panda basi.

Mama yako